Mtoto mwenye mtindio wa ubongo darasa la awali: kiti, ubao wa picha na kazi ya msaidizi

Swali: Mimi ni mwalimu wa darasa la awali lenye watoto 28. Muhula huu nimepokea mtoto wa miaka minne na nusu mwenye mtindio wa ubongo (cerebral palsy). Anatembea hatua chache akishikwa, mikono imekakamaa, hasa wa kulia, na hatamki maneno yanayoeleweka. Ila akiambiwa jambo anaelewa, na panapochekesha anacheka. Nina msaidizi mmoja, ambaye sasa anakaa naye siku nzima na kumfanyia karibu kila kitu. Mama yake ameniomba jambo moja tu: asiwekwe pembeni. Sikusomea elimu maalumu. Nianzie wapi?

Jibu: Mwalimu, anzia kwenye kiti chake. Kisha hakikisha ana njia ya kusema "ndiyo" na "hapana" ambayo darasa zima linaielewa. Halafu keti na msaidizi wako mgawane kazi upya, maana hapo ndipo ninapoona tatizo kubwa katika maelezo yako, kubwa kuliko mikono iliyokakamaa. Malengo, picha na kumbukumbu vyote vinasimama juu ya hayo matatu. Wala huhitaji kumtungia ratiba yake peke yake. Mtoto wa umri huu hujifunza ndani ya shughuli zile zile wanazofanya wenzake, mradi msaada anaopewa umepangwa, na imepangwa pia namna utakavyopungua.

Kabla hujagusa chochote, muulize mama mambo manne. Je, amepimwa masikio? Mtoto anayeelewa nyumbani anaweza kuwa na usikivu hafifu bila mtu kujua, kwa sababu nyumbani anasoma nyuso, ishara na mazoea ya kila siku. Maji yanayojikusanya nyuma ya ngoma ya sikio hupunguza usikivu kwa wiki kadhaa kisha hupotea, hivyo leo anaonekana msikivu na mwezi ujao mkaidi. Je, amepimwa macho? Makengeza ni ya kawaida kwa watoto wenye mtindio wa ubongo, na wapo ambao macho yenyewe ni mazima ila ubongo hauchambui vizuri kinachoonekana. Hao huchanganyikiwa picha zikijazana kwenye ukurasa mmoja. Je, ana kifafa? Kama anacho, uandikiwe kinavyomwanza, dawa anazotumia na wa kupigiwa simu. Degedege likianza, mlaze ubavu, angalia saa, usimtie kitu chochote mdomoni. Likizidi dakika 5 ni dharura ya hospitali. La nne ni kula. Akikohoa kila anapokunywa, sauti ikawa na majimaji baada ya kumeza, au akaugua kifua mara kwa mara, huenda chakula kinaingia njia ya hewa, na hilo linahitaji mtaalamu kabla ya wewe kuendelea kumlisha. Wakati wote alishwe akiwa ameketi wima, kidevu kimeinama kidogo. Kumlaza kichwa nyuma ili chakula kishuke ni hatari.

Kama anahudhuria fiziotherapia, omba uambiwe yuko ngazi ya ngapi katika mfumo wa ngazi tano uliochapishwa mwaka 1997 na Robert Palisano na wenzake nchini Kanada. Ngazi ya kwanza ni mtoto anayetembea bila kifaa, ya tano ni anayebebwa au kusukumwa kila mahali. Ngazi hiyo inakueleza utegemee nini kwenye mwendo. Haisemi lolote kuhusu akili, na mtu yeyote anayekadiria akili ya mtoto huyu kwa kutazama mikono yake anakosea.

Sasa kiti. Mtoto asiyekaa imara hutumia mikono kujishikilia, na fikra zake zote ziko kwenye kutoanguka. Hapo usitegemee achore wala afuatilie hadithi. Chukua futi kamba upime vitu vinne. Cha kwanza ni kina cha kikalio: pima kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, kisha utoe sentimita 2 au 3. Kina kikizidi hapo, ukingo wa kiti humsukuma nyuma ya magoti, makalio huteleza mbele na mgongo hupinda. Hili ndilo kosa linaloonekana kuliko yote, na watu hujaribu kulitibu kwa kumfunga mkanda kifuani. Mkanda huo haumzuii kuteleza, na akiteleza unaweza kumpanda hadi shingoni. Tiba yake ni kujaza nafasi ya nyuma kwa ubao au sponji ngumu mpaka kina kilingane na paja lake.

Cha pili ni urefu wa kikalio kutoka sakafuni, ambao ulingane na umbali kutoka nyuma ya goti hadi kisigino, akiwa amevaa viatu. Nyayo zikining'inia, weka kisanduku imara chini yake. Nyayo zisizokanyaga kitu huamsha ukakamavu wa mwili mzima. Cha tatu ni upana: nyonga zake na sentimita moja hivi kila upande. Kiti kikiwa kipana, kunja taulo ujaze pande zote mbili kwa usawa, usijaze upande mmoja anaoegemea. Cha nne ni meza. Akiwa amekunja kiwiko pembe mraba, uso wa meza uwe sawa na kiwiko au juu yake sentimita 2, ili aweze kuegemeza mikono.

Akihitaji mkanda, upite kwenye mkunjo wa paja na nyonga, ukivuta chini na nyuma kwa mshazari wa nyuzi 45 hivi. Mkanda wa tumboni hupanda juu na kumbana pumzi. Magoti yakiwa yanagongana, kizuizi cha kuyatenganisha hukaa karibu na magoti yenyewe. Kikisogezwa kinenani ili kimzuie kuteleza, kinamuumiza na hakisaidii. Wiki ya kwanza kagua ngozi ya makalio na mapaja kila anapotoka kwenye kiti. Wekundu usiopotea ndani ya nusu saa maana yake kuna sehemu inayombana.

Hata kiti kizuri namna gani, asikae humo kutwa. Kila baada ya dakika 30 au 40 abadili mkao: alale ubavu akicheza, alale kifudifudi juu ya kabari ya sponji, au asimame akiegemea meza ikiwa fiziotherapia imeruhusu.

Kuna jambo kuhusu mkekani ambalo huwaponyoka walimu wengi. Watoto wote wanapoketi chini miguu imenyooka, mtoto mwenye misuli migumu nyuma ya mapaja hawezi kukaa hivyo: misuli huvuta nyonga kwa nyuma, mgongo unajikunja, anaanguka. Kisha inaandikwa kwamba "hana utulivu wakati wa hadithi". Mkalishe kwenye kigoda chenye urefu wa sentimita 10 hadi 15, au juu ya blanketi lililokunjwa likakaza, magoti yakunjike. Atabaki karibu usawa wa wenzake na mikono yake itakuwa huru.

Na lile ombi la mama lina upande wa mwili kabisa. Baadhi ya watoto wenye mtindio wa ubongo wakigeuza kichwa upande mmoja, mkono wa upande huo hunyooka wenyewe na wa upande wa pili hukunjika. Ukimweka kwenye ncha ya safu, kila anapokutazama anageuza kichwa, na papo hapo anapoteza matumizi ya mikono miwili. Kiti chake kiwe katikati, mbele yako, na vitu vya kushika viwe mbele ya kifua chake. Karatasi na sahani zisiteleze: kitambaa kibichi kilichokamuliwa kikitandazwa chini yake kinatosha. Kalamu za rangi zizungushie sponji zifikie unene wa kidole gumba cha mtu mzima.

Sasa mawasiliano. Tafuta kwanza tendo moja analoliweza kwa urahisi na ambalo halifanyi bila kukusudia: kutazama juu, kutikisa kichwa, kuinua mkono wa kushoto, kutoa ulimi. Mama huenda analijua tayari na hajawahi kuulizwa. Tendo hilo ndilo litakuwa "ndiyo". Kwa "hapana" kuwe na tendo jingine. Kukaa kimya kusihesabiwe kuwa jibu, maana hutajua amekataa, hakusikia, au mwili wake bado unalitafuta jibu. Lijaribu kwa mambo yenye uzito kwake: "Unataka kushuka?" "Nikuimbie tena?" Ukilijaribu kwa maswali ya mtihani kama "huyu ni ng'ombe?", atachoka upesi na utadhani hajui.

Ukishauliza, nyamaza. Hesabu moyoni mpaka kumi. Mtoto huyu anasikia, anaelewa, anaamua, kisha anahangaika kuuamrisha mwili, na hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayochukua muda. Mtu mzima hukosa subira kwenye sekunde ya tatu na kurudia swali kwa maneno mengine. Kwa mtoto hilo ni swali jipya, basi anaanza upya. Kati ya mambo yote ninayokushauri, kusubiri huku hakuhitaji fedha wala kifaa, na ndiko kunakoshindikana zaidi.

Pamoja na ndiyo na hapana, tengeneza ubao wa picha. Karatasi ngumu ya A3, picha zenye upana wa sentimita 5 hivi, zikiachana sentimita 2 ili mkono usiojiongoza vizuri usiguse mbili kwa pamoja. Anza na picha 9 hadi 12. Ziwemo za vitu vya darasani, lakini nusu yake iwe ya maneno yanayotumika kila mahali: nataka, sitaki, tena, basi, nisaidie, njoo, angalia, zamu yangu. Ubao wenye majina ya vitu pekee humfanya mtoto awe mtu wa kuomba tu. Na "sitaki" usiiogope. Mtoto asiye na njia ya heshima ya kukataa atakataa kwa kulia, kujitupa au kung'ata.

Ubao huo unaanza kutumiwa na wewe. Unapomwambia "njoo, zamu yako", gusa picha ya "njoo" na ya "zamu" huku ukisema. Fanya hivyo kutwa, wiki kwa wiki, bila kumdai arudie. Mtoto yeyote husikia lugha kwa miezi mingi kabla ya kutoa neno lake la kwanza, na huyu naye anahitaji kuona watu wakizungumza kwa picha kabla ya kutarajiwa kuzitumia. Tengeneza nakala tatu: ya mezani, ya mkekani na ya nyumbani. Ubao unaokaa rafuni mpaka "kipindi cha mawasiliano" kifike haumfundishi mtu kuzungumza. Wala usiondolewe kama adhabu, kwa kuwa ndiyo sauti yake.

Utaambiwa kwamba picha zitamfanya mvivu wa kusema. Tafiti zilizofuatilia watoto wanaotumia picha na vifaa vya mawasiliano hazijaonyesha hivyo. Matamshi hayapungui, na kwa wengine huongezeka kidogo. Utaambiwa pia ujaribu PECS, ule mfumo wa kubadilishana kadi uliobuniwa Marekani mwaka 1985 na Andy Bondy na Lori Frost. Ni mfumo mzuri, hasa kwa watoto wenye usonji ambao hawajajifunza kumfuata mtu ili wawasiliane naye. Ila unamtaka mtoto aichukue kadi, aifikishe na aiachie mkononi mwa mwenzake. Kwa mtoto ambaye tatizo lake ni mkono na nia ya kuwasiliana anayo tele, kugusa au kutazama picha ni njia fupi zaidi.

Ukimpa achague kati ya vitu viwili kwa macho, vishike usawa wa uso wake vikiachana sentimita 30, na ubadilishe pande kila mara. Usipobadilisha, unaweza kukaa mwezi mzima ukiamini anapenda mpira kumbe anatazama kushoto tu kwa sababu ndiko kichwa kinakokwenda.

Tukija kwenye malengo, chagua mawili au matatu kwa muhula, si zaidi. Lengo kama "ataboresha mawasiliano" halikuambii Jumatatu asubuhi ufanye nini. Andika hivi: "Kwenye duara la asubuhi, akipewa picha mbili za nyimbo, atachagua kwa kugusa moja ndani ya sekunde 10 bila kushikwa mkono, mara 4 kati ya 5, siku tatu mfululizo." Hapo kuna mahali, kuna tendo, kuna kiasi cha msaada, na kuna alama ya kujua limefikiwa. La pili liwe la kujihudumia, na la tatu la kucheza na mwenzake.

Kisha chora jedwali dogo. Upande mmoja andika shughuli za siku, yaani kufika, duara, kucheza, kula, choo, hadithi, kuondoka. Juu andika malengo. Kwenye kila kisanduku jaza fursa iliyopo. Kuchagua, kwa mfano, kunawezekana kwenye wimbo, kwenye mwanasesere, kwenye rangi ya kikombe, kwenye rafiki wa kukaa naye na kwenye kitabu. Hizo tayari ni fursa tano bila kumtoa mtoto hata dakika moja kwenye darasa, na kwa siku lengo moja halihitaji zaidi ya hizo.

Msaada wenyewe una ngazi. Mkubwa kabisa ni kuuongoza mwili wake, chini yake ni kugusa kiwiko, chini zaidi ni kumwonyesha kwa tendo, kisha kuashiria kwa kidole, na wa mwisho ni kusubiri tu ukimtazama kwa matarajio. Siku mbili za kwanza za jambo jipya mpe msaada unaomfikisha moja kwa moja, aonje kufaulu. Kuanzia siku ya tatu subiri sekunde 5 kabla ya kuutoa, kisha toa ule mdogo zaidi unaotosha. Ukilazimika kuuongoza mkono, keti nyuma yake, shika karibu na kiwiko, nenda polepole. Kuvuta kiganja kwa haraka huuamsha ukakamavu, mkono unarudi kifuani, na msaidizi anadhani mtoto anagoma. Mjihadhari pia na maneno. "Gusa, gusa, haya gusa" huonekana msaada mdogo, lakini ndio mgumu kuliko yote kuuondoa: mtoto huzoea kusubiri kuambiwa.

Kwa stadi ndefu, fundisha kuanzia mwisho. Chukua kuvua sweta. Msaidizi anatoa kichwa, anautoa mkono wa kushoto, kisha anautoa wa kulia mpaka sweta libaki linaning'inia kwenye vidole, na hapo anamwachia mtoto alivute limalizike. Kazi ameimaliza yeye, na sifa ni yake. Akiiweza hiyo bila kuguswa siku tatu mfululizo, msaidizi anaacha sweta likiwa kwenye kifundo cha mkono, baadaye kwenye kiwiko, hivyo hivyo kurudi nyuma. Utaratibu unaofuatwa ni kwamba mkono mgumu huvuliwa mwisho, na wakati wa kuvaa ndio unaotangulia. Ukigeuza, unapindisha bega lililokaza na mtoto analia kila siku kwa kitu ambacho hakikuwa na sababu ya kuuma.

Kumbukumbu zisikuchoshe. Kadi moja kwa lengo, miduara mitano ya kujaza kwa siku, siku tatu kwa wiki. Andika P kama amefanya peke yake, D kwa dokezo, M kwa mkono. Baada ya siku sita za kuandika, zipange zote mezani. Alama za P zikiongezeka, endelea. Zikibaki pale pale, kitu kimoja kibadilike, na mpangilio wa kukagua ni huu: mkao kwanza, halafu kama jambo lenyewe analipenda, halafu afya na usingizi, mwisho ukubwa wa hatua. Walimu wengi huanza na la mwisho wakapunguza lengo, kumbe mtoto alikuwa anateleza kwenye kiti.

Sasa msaidizi. Mwaka 1997 Michael Giangreco na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti uliowaangalia wasaidizi waliokuwa wanakaa karibu mno na wanafunzi wenye ulemavu. Waliyoyaona ni yale yale unayoyaeleza: mwalimu anaacha kumhesabu mtoto kuwa wake, wenzake hawamsogelei, na mtoto anajifunza kumtegemea mtu mzima kwa kila kitu. Hayo hutokea msaidizi akiwa mwema na mwenye huruma, tena hutokea zaidi hapo. Kwa hiyo usimkaripie. Mpe kazi iliyo wazi.

Mwambie hivi. Yeye ni msaidizi wa darasa. Kumwinua mtoto, choo, kulisha na kubadili mkao ni zamu zilizoandikwa kwa saa, na baadhi yake mnabadilishana wewe na yeye. Wakati wa kufundisha, anakaa nyuma ya mtoto kwa ubavuni, umbali wa mkono, nje ya mstari wa macho. Maelekezo unayatoa wewe, kwa mtoto moja kwa moja, ukimwita jina. Yeye harudii maneno yako na hajibu kwa niaba ya mtoto. Mtoto mwingine akimuuliza "anataka nini?", jibu lake ni "muulize mwenyewe, angalia macho yake". Wakati wa kucheza, akishamweka sawa, anaondoka hatua tatu na kushughulika na watoto wengine, akirudi tu kwa usalama au kwa lengo lililopangwa. Mwanzoni itakuwa ngumu kwake, kwa sababu kukaa mbali kunafanana na kutojali. Mwonyeshe zile kadi; alama za P zikiongezeka ataelewa.

Na kutembea: msaidizi akimshika mikono yote miwili juu ya kichwa, mtoto ananing'inia, anasimamia vidole, na hajifunzi kubeba uzito wake. Amshike nyongani kutoka nyuma, au atumie kigari cha kutembelea kinachokaa nyuma ya mtoto, kama fiziotherapia imekishauri. Hatua sita za kwenda mkekani kila asubuhi, pamoja na wenzake, zina faida kuliko robo saa ya mazoezi anayotolewa nje kufanyiwa wakati wengine wanaimba.

Wenzake wafundishe kwa maneno machache. Msimame mbele yake. Mkiuliza, mngoje. Kiti chake hakisukumwi kabla ya kumuuliza. Kila siku wateue watoto wawili wa kucheza naye, na wabadilike, wasije wakageuka watumishi wake. Mchezo uwe ambao yeye ana nguvu ndani yake: yeye anagusa "basi" na wote wanaganda, anagusa "tena" na wote wanaruka. Utashangaa wanavyoujifunza upesi ubao wake.

Kuna dalili ambazo si za darasa kuzitatua. Mtoto aliyekuwa anakaa vizuri akaanza kulia kila anapoketishwa au akitanuliwa miguu wakati wa kubadilishwa nguo, mwambie mama ampeleke akapigwe picha ya nyonga, kwa kuwa kwa watoto hawa nyonga inaweza kusogea taratibu kutoka mahali pake. Akianza kuganda kwa sekunde kadhaa macho yakiwa wazi na haitiki, andika siku, saa na muda, umpe mama aende nazo kwa daktari. Mabadiliko ya tabia yasiyo na sababu mara nyingi ni kufunga choo au jino. Na akilia kila siku saa ile ile, andika kilichotokea kabla, alichofanya, na alichopata baada yake, kwa siku tano. Kwa kawaida utaona kama anakimbia kitu, anaomba kitu, au anaumia.

Na mama mkae naye kila baada ya wiki sita. Umuonyeshe kadi, akuonyeshe anavyofanya nyumbani, mkubaliane neno lipi jipya liingie kwenye ubao wa shule na wa nyumbani siku moja. Vipimo vya kiti virudiwe kila miezi sita, au mapema ukiona magoti yamepanda juu ya usawa wa nyonga. Atakapokaribia darasa la kwanza, andaa ukurasa mmoja kwa mwalimu atakayempokea: picha ya alivyoketi vizuri ikiwa na vipimo, anavyosema ndiyo na hapana, sekunde anazohitaji kujibu, mambo anayofanya peke yake, na namna ya kumshika na kumlisha. Mwalimu huyo aje kumwona darasani kwako walau mara moja kabla muhula haujaisha, na kiti na ubao vihame pamoja na mtoto siku ya kwanza.